Mlango Mwekundu wa Teksi ya Mwajuma

Naona haya kuisimulia hii, na hasira bado haijanitoka, kwa hiyo mtanivumilia nikipandisha sauti.

Baba alipofariki, Pijo 404 yake ya teksi ilibaki uani kwetu Kanyosha miaka na miaka, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma, hadi akapatikana mzee mmoja wa Mutanga Nord, mstaafu anayefufua magari ya zamani. Wanunuzi wengine wote walitaka kuikatakata wauze vyuma. Yeye peke yake alitaka itembee tena, na mama alilia kwa furaha. Mzee akanipigia simu: "Binti yangu, uniachie yenyewe vile iko. Usioshe hata vioo."

Maneno mepesi kabisa. Mimi nikayapuuza, kwa sababu (nimelelewa hivyo, nifanyeje) mgeni hapewi kitu kichafu, nikamwita Djuma, binamu yangu fundi wa Kamenge, aipanguse kidogo tu, na Djuma akaniambia, "Da Zaina, mutu hanunui vumbi," akapiga msasa, akaziba matundu kwa mastiki, ule uji mzito wa mafundi unaokauka ukawa mgumu, akapaka rangi nyekundu kama kucha za bibi harusi, nami, mjinga wa wajinga, nikamsifu, nikakaanga sambusa, nikaita majirani waje kushuhudia.

Mzee alifika, akaizunguka, akatoa sumaku ndogo mfukoni na kuibandika mlangoni. Ikaanguka. Akaibandika tena, ikaanguka tena, maana sumaku hainasi kwenye mastiki, na majirani wakaanza kuchekea viganjani. Damu ikanichemka. Nikawaambia hii ni imara kuliko zenu zote (hakuna hata mmoja wao mwenye gari), nikaubamiza mlango ili wanyamaze, na kipande cha mastiki kikubwa kama sahani kikadondoka miguuni pa mzee.

Hapo hata mama alicheka. Mzee hakucheka.

"Hapa mulangoni palikuwa jina," akasema. "Baba yako aliiandika na mukono yake, na burashi. Sisi wote tuliopanda tulikuwa tunaita teksi ya Mwajuma. Kutu ningeitoa mi mwenyewe. Ile jina, nani atairudisha?"

Mwajuma ni mama. Akaacha kucheka.

Nilimgeukia Djuma kwa matusi nisiyoweza kuyarudia hapa, naye akajibu polepole, "Si we ulisema nisugue mupaka ing'ae?" Ni kweli nilisema. Nililiona lile jina nikaona rangi iliyochakaa tu, na hilo ndilo linalonifanya nitake kujizaba kofi mpaka leo.

Mzee alimaliza chai, akaaga kwa heshima, hakurudi. Naapa, mtu akiniambia niache kitu kilivyo, nitakiacha na vumbi lake na mayai yake ndani. Pijo bado iko uani. Kila asubuhi mama anapitisha kidole kwenye ule mlango, pale jina lilipokuwa, halafu ananiambia, "Inang'aa kweli, Zaina."