Mistari ya Chaki Mlangoni kwa Mlinzi

Kuna somo moja la baiolojia ambalo sikuwahi kulifundisha nikiwa na chaki mkononi. Wanafunzi walidhani ni madaha. Madaha yangu nini mie! Nilikuwa naogopa tu.

Somo lenyewe linahusu jinsi seli ya mwili inavyoamua protini ipi ibaki na ipi iondoke. Inaibandika alama, na alama yenyewe ni kiprotini kidogo sana. Alama moja mara nyingi ni amri ya kuhama au kubadili kazi. Zikiungana mnyororo, nne hivi, protini inapelekwa kwenye mashine yenye umbo la pipa, inamezwa na kukatwakatwa. Mashine haiulizi umekosa nini. Inasoma alama, basi.

Hayo niliyaona Kariakoo kabla sijayasoma, miaka ya Ujamaa, asiye na kazi mjini alipokuwa akiitwa kupe. Nyumba yetu ilikuwa na ukumbi mrefu, wenye giza hata jua likiwaka. Chumba cha mwisho, karibu na uani, alipanga mzee wa kutoka kusini, mlinzi wa maduka ya vitambaa ya Wahindi wa mtaani kwetu. Usiku anakesha, mchana analala. Nikipita nasema, "Shikamoo babu," na sauti inatoka nyuma ya mlango: "Marahaba, mjukuu wangu. Punguza makelele."

Kisha milango ya mtaa ikaanza kuwa na chaki. Mstari mmoja, unaitwa kulima shamba la mtaa Jumapili. Ikifika minne, lori la mgambo linakuja mchana, unapelekwa mashamba ya mbali, na sisi hatukumwona aliyerudi. Aliyechora hatukumwona pia. Unautazama mlango, mtupu. Unakwenda kuchota maji, unarudi, mstari upo, na ukumbini hakuna mtu. Mama alisema ni mtu wa humu humu, kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku hiyo tukawa tunakula kimya kimya.

Mlango wa babu nao ukapata mstari. Kisa? Analala mchana! Ebo! Mtu anakesha ili ninyi mlale, halafu mnamwita kupe? Hadi leo hasira zinanipanda. Mama hakubishana na mtu. Alilowesha pembe ya kanga, akafuta. Kesho yake ikawa miwili, kana kwamba chaki inakumbuka ilipoishia. Akafuta. Ikawa mitatu. Akafuta tena.

"Mwache alale," aliniambia. "Asijue."

Asubuhi iliyofuata mlango ulikuwa mtupu. Mama akashusha pumzi, akaenda Feri kununua samaki, nami nikaenda shule. Mchana tulikutana barazani, tukaingia pamoja. Mlango wa babu ulikuwa wazi, na juu yake mistari minne. Mkeka ulikuwa bado una joto. Rungu lake lilikuwa limeegemea ukutani, viatu vyake viko chini. Jirani alisema mgambo hawakumuuliza hata jina. Waliutazama mlango tu, wakamwinua. Njia nzima alikuwa akiwaambia, "Mimi ni mlinzi, jamani. Mimi ni mlinzi."

Haikupita muda, wezi wakaanza kuvunja maduka.

Miaka mingi baadaye mama alipata saratani ya mlango wa kizazi. Nikatafuta vitabu, na humo nikakutana na babu. Ndani ya seli kuna protini ya ulinzi: seli ikiharibika, inaizuia isizaliane. Kirusi kinacholeta ugonjwa ule hakipigani na mlinzi huyo. Kinawalaghai waweka alama wa seli yenyewe, wanambandika alama mlinzi wao, na pipa linammeza. Nilipomaliza kusoma, nikageuka kuutazama mlango wa chumba changu.

Nikamweleza mama hospitali. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na humo hakuna wa kufuta?"

"Wapo, mama. Seli ina vimeng'enya vya kuondoa hizo alama."

"Sasa walikuwa wapi?"

Akageukia ukutani.

"Walikwenda Feri," akasema.

Siku zake za mwisho hakunijua tena, lakini pembe ya kanga haikumtoka mkononi. Anailowesha kwa mate, anafuta ukuta ulio juu ya kitanda. Anapumzika, anatazama, anafuta tena. Ukuta ule ulikuwa mweupe, hauna kitu. Nililia, kisha nikachukua maji kwenye kikombe, nikalowesha pembe ya pili, nikafuta naye.

"Imetoka yote?" akauliza.

"Yote, mama."

Akautazama ukuta kwa muda, akaweka kidole mdomoni.

"Basi mwache alale."