Ngozi Nyeusi ya Perere

Mimi hasira yangu haifichiki, lakini jambo hili likinijia mpaka leo nashindwa nimkasirikie nani.

Miaka ile baada ya Uhuru, kwetu Sosiot, baba aliombwa abariki vijana watakaotoka jandoni Desemba. Mzee hawezi kubariki watu amevaa koti la mtumba. Alihitaji joho la ngozi za perere, yule mnyama wa mitini, mnene kama sungura, na joho lake la zamani lilikuwa limeliwa na panya. Mama ndiye aliyekuwa mshonaji, mimi mwanafunzi wake.

Mama alisema zamani kazi ilikuwa kuchagua. Unaanika ngozi kwenye nyasi, hii ya kahawia, ile ya kijivu, nyingine ina madoa, unahangaika kutwa nzima kutafuta zinazofanana. Lakini zile alizotuletea jirani yetu mtegaji, kutoka kamsitu kalikobaki katikati ya mashamba ya chai, zilifanana zote. Rangi moja, doa moja mgongoni, hata nyuma ya sikio manyoya yalipungua mahali pale pale.

"Mungu ametuhurumia," mama alisema. "Siku hizi hata kipofu atashona."

Tulifurahi, kwa nini nidanganye? Ila nikizipanga nilichanganyikiwa: hii nimeshaishona au bado? Nikamuuliza mtegaji kama anamtega perere yule yule mmoja kila siku. Alicheka kidogo tu. Akasema hata yeye haelewi. Hawindi sana, matunda yamejaa mitini, na bado perere wanapungua, anaokota watoto wao waliozaliwa wafu.

Ikabaki shingo. Shingo ya joho lazima iwe nyeusi, na perere weusi walikuwa wa ng'ambo ya mto, tangu enzi za msitu mmoja, kabla chai haijaukata vipande. Perere hapiti kwenye chai. Hakuna tawi la kushika, na mbwa wa kambi za wachuma chai ni wengi.

"Tafadhali, mmoja tu," mama alimsihi mtegaji. "Mzee wangu atoke shingo wazi mbele za watu?"

Siku zikaenda, nikaanza kugombana na kila mtu nyumbani. Halafu asubuhi moja mtegaji akaja mbio, anacheka. Mweusi tititi! Dume! Tena amenaswa kwenye kamsitu ketu haka haka. Mama akapiga vigelegele, na mimi pia.

Baba alitukuta tukiinyoosha ngozi. Akauliza imetoka wapi, tukamwambia. Baba alikuwa mfugaji; alizoea kwenda mpaka Chebunyo kutafuta fahali wa damu nyingine, maana fahali akipanda binti zake, ndama huja dhaifu. Alizitazama zile ngozi zinazofanana, moja moja, kisha ile nyeusi.

"Huyu amevuka chai yote hiyo na mbwa wote hao," akasema polepole. "Alikuja kuoa."

"Ala! Si wewe uliyetaka joho?" mama akamjibu.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nyinyi mmemchuna."

Mama akaishusha sindano. Akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kama sasa ashone au aache.

Baba aliipapasa ile ngozi nyeusi. "Shona tu," akasema. "Sasa huyu mgeni atafanya kazi gani nyingine?"

Nikamshikia mama ngozi, huku nalia, na sikujua namlilia nani.