Ndago za Mama Mkunga

Itangazwe kwa wenye bustani na wasio nayo: mtaani kwetu anaishi binadamu aliyeitia adabu ndago, lile gugu sugu. Wapo majemadari waliosimamishiwa sanamu kwa kazi nyepesi kuliko hiyo.

Ni mtunza bustani, na watu humwita Pembetatu, kwa sababu hang'oi kitu kabla hajakisokota shina kwa vidole. Likibiringika ni nyasi. Likikwama kwa pembe zake tatu ni ndago, hata likijifanya kijani kama jirani zake.

Aliitwa na mkunga mstaafu, mama mwenye goti bovu na uwanja wa nyasi uliooteshwa na marehemu mumewe, shina kwa shina. Ndago zilikuwa zimeuvamia. Shemeji yake, mtu wa maneno mengi na jasho haba, alizikata kwa jembe kila Jumamosi, na kila alipokata moja zikachomoza tatu. Mwishowe akatoa hukumu: mvua zikiisha na ndago bado zipo, anamwaga saruji. Kila asubuhi mama aliketi pale uwanjani na kikombe chake, akizungumza na mtu asiyekuwepo.

Pembetatu alimwagia maji udongo ulainike, akazamisha uma mrefu, akatoa mmea mzima na kijikiazi chake cheusi mwishoni. Mama akaguna kwamba kwa mwendo huo watazeeka wote wawili.

"Mama, wewe umezalisha maisha yako yote," akasema. "Kondo la nyuma likibaki ndani, utasema mzazi kajifungua salama?"

Mkunga akaomba uma wa pili na kigoda.

Wiki kumi waling'oa kila chipukizi kabla halijafikisha majani matano, wakaacha nyasi zirefuke kidogo ziinyime ndago jua. Shemeji alipokuja na fundi wa saruji, aliuzunguka uwanja ameinama kama aliyepoteza pete, akakosa hata ndago moja ya kisingizio. Fundi akageuza mkokoteni wake.

Mama alimshika Pembetatu mikono yote miwili, machozi yakimlenga. Akamwambia amepokea watoto wa nusu ya mji huu, lakini hakuna aliyewahi kumrudishia mtu wake namna hii. Mungu ampe umri mrefu, awaone vitukuu.

Pembetatu akatazama chini.

"Amina, mama. Sogeza mguu, umekanyaga moja."