Mkate wa Kufutia

Jana mwalimu wetu wa uchoraji alitandaza mezani michoro ya penseli ya miili ya watu, kisha akafuta kosa kwenye mmoja kwa kipande cha mkate. Wenzangu walicheka. Mimi niliinama wasinione macho.

Nilikumbuka kijijini kwetu Ulemo, mchana wa mavuno, vumbi la mtama likiwasha pua. Mgeni wa misheni alimwomba Mama asimame na ungo wake, akamchora kwa nyuma. Penseli ilikwaruza polepole. Halafu akatoa mkate, akausugua kwenye bega la ile picha.

“Mama, anakulisha!” nilisema kwa wivu, maana kwetu mkate ulikuwa wa Krismasi.

“Nyamaza wewe, nikicheka nitaharibika,” Mama alijibu bila kugeuka.

Sasa najua yule mgeni alikuwa akipunguza kivuli tu. Karatasi aliondoka nayo. Mama alifariki kabla sijaanza shule, na hatuna hata picha yake moja. Jana nilitazama kila mgongo pale mezani, nikimtafuta.

Siku ile niliokota makombo yaliyodondoka, meusi kwa penseli, nikayala yote. Bega la Mama lilikuwa humo.