Siku Shangazi Alipolishusha Bwawa

Shangazi yangu ni dobi asubuhi na mwalimu wa kuogelea alasiri. Akimaliza kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, anavua aproni, anavaa kaptura ya marehemu mumewe na kofia ya mpira, anateremka bwawani. Watoto wanamwita Mwalimu. Watu wazima wanamwita Bata, naye hakasiriki, maana anatembea hivyo kweli.

Bwawa ni mali ya familia chache, yetu ikiwemo. Wazee wetu waliziba kijito kwa tuta la udongo ili wapate pa kupumzikia. Pana nyasi, viti vya mbao na ubao wa kupigia mbizi. Chini ya tuta, kijito kinaendelea katikati ya vyumba vya kupanga, mahali watu wanapoanika nguo na kulaza watoto mchana. Hao hawana ufunguo wa geti letu. Jambo hilo linanichoma tangu nilipokuwa chuo: starehe tumejiwekea sisi, hatari tumewapelekea wao. Bwawa linaweza kuwa la mtu binafsi, lakini tuta likibomoka, maji hayaulizi hati ya mtu.

Mwaka huu mhandisi wa maji wa mji alikuja kukagua. Alikuwa dada mmoja mwenye buti za mpira, si msemaji sana. Alipanda tuta, akashuka upande wa pili, akapapasa nyasi akitafuta unyevu. Pakavu. Akaridhika. Kisha akafika kwenye mfereji wa pembeni, ule unaopitisha maji yanayozidi bwawa likijaa, akasimama. Mdomo wa mfereji ulikuwa umezibwa kwa wavu wa waya, na nyuma ya wavu zimepangwa mbao.

"Nani kaweka vitu hivi?"

Wavu ulikuwa wa wavuvi wa ndoano wanaovua hapo bwawani. Walipandikiza vifaranga vya samaki, wakaona kila mvua inawatorosha, wakaweka kizuizi. Mbao zilikuwa za Shangazi. Alitaka kina, ili wanafunzi wake wakubwa wapige mbizi bila kugonga vichwa chini. Kila mmoja alifanya lake, na hakuna aliyefikiri kwamba anaziba koo la bwawa.

"Tuta la udongo linavumilia mengi," mhandisi alisema, "ila maji yakipita juu yake yanalikata. Toeni vyote kabla ya mvua."

Alipoondoka, ubishi ukaanza. Mkuu wa wavuvi ni kinyozi, mdogo wake marehemu mume wa Shangazi, na hao wawili hawawezi kukaa bila kutaniana.

"Shemeji, toa mbao zako," kinyozi alisema. "Wavu wangu una matundu, maji yanapita."

"Matundu? Hebu njoo uyaone hayo matundu."

Shangazi akainama, akachomoa lundo la majani, chupa, na ndala moja.

"Ndala ya nani hii?" kinyozi akauliza.

"Yako. Ile uliyomsingizia mbwa wa jirani."

Watu wakacheka, kinyozi naye akacheka, lakini wavu haukutoka. Na mbao hazikutoka. Nilimwona Shangazi akizitazama. Wanafunzi wake walikuwa wanajiandaa kwa majaribio ya timu ya mji, na bila kina hakuna mbizi. Wazazi wangewapeleka kwenye bwawa la hoteli, na darasa alilolijenga kwa miaka yote ya ujane wake lingebaki na vitoto vinavyojifunza kuelea. Mimi nilikuwa na hotuba tayari kichwani, ndefu na kali. Sikupata nafasi ya kuitoa.

Kesho yake wingu lilitanda tangu asubuhi. Shangazi hakwenda kwenye pasi zake. Alikuja na nyundo na mtaimbo, akaingia mferejini hadi kiunoni, akaanza kung'oa mbao. Kila ubao ulipotoka alinirushia mimi ukingoni. Kinyozi alifika mbio, bado ana kitana mfukoni.

"Bata! Na mbizi je?"

"Mbizi basi. Mbao zangu zimetoka. Sasa wewe."

"Samaki wangu wataondoka wote, shemeji."

"Waache waende. Au unataka tuta likatike ukawavulie vitandani kwa watu kule chini?"

Kinyozi alitazama mapaa ya vyumba vya kupanga. Alikunja suruali, akaingia majini, akashika upande mmoja wa wavu. Shangazi akashika mwingine. Ulipochomoka, wote wawili walikaa chini majini kwa kishindo, na maji yakaanza kutoka kwa ngurumo.

Mvua ilishuka kabla ya magharibi, mvua ya kweli. Tulisimama kwenye kibanda cha wavuvi tukitazama. Maji yalipanda kidogo, yakakuta njia yake, yakapita. Juu ya tuta halikufika hata tone la bwawa.

Mvua ilipokatika, Shangazi aliazima spana kwa fundi baiskeli, akafungua ubao wa mbizi. Maji chini yake sasa yalikuwa ya kiunoni tu. Baba wa mwanafunzi wake bora alimkuta amelala juu ya ubao akikaza mkono kwenye nati yenye kutu.

"Mwalimu, mwanangu atapigia mbizi wapi?"

"Mpeleke hotelini, baba. Ana kipaji, asikose majaribio kwa ajili yangu."

"Na wewe utabaki na nani?"

"Wapo wasiojua kuelea. Hata wewe hujui, nimekuona unavyokaa mbali na maji." Nati ikalegea. "Njoo Jumamosi. Ila vaa kaptura, usije na hiyo suti."