Uzi Mmoja na Kiberiti

Mimi nilianza na mbuzi mmoja na leo nina lori tatu, kwa hivyo hakuna kitu Isiolo hii kinaweza kunishangaza. Lakini asubuhi pasi imegusa suti yangu mpya, ile niliyoapiwa kuwa ni sufu tupu, ikajikunja na kunata kama chingamu. Harufu ya plastiki ikanirudisha sokoni, nikiwa mtoto nimeshika leso ya mama.

Alikuwa anamnunulia mdogo wangu blanketi, na alitaka la pamba, maana tulilala karibu na moto.

"Wallahi mama, hii ni pamba," muuzaji akasema.

Mama akachomoa uzi, akauwasha kwa kiberiti mbele ya watu wote. Pamba huacha jivu laini. Uzi ule uliyeyuka, ukawa kashanga keusi, kagumu.

"Nailoni hii! Cheche ikiruka itashikana na ngozi ya mtoto wangu. Jifunike wewe!" Akamtupia, tukaondoka.

Na huyu mwizi wangu aliyeniuzia suti, wa duka lenye milango ya vioo! Alinipa kiti na soda, akaniita mheshimiwa, nikaona haya kuchomoa uzi mbele yake. Haya hiyo imenigharimu shilingi elfu ishirini na nane, mia tano.