Mama Atuganile wa Ikuti na Magoti Yetu

Alizaliwa Ikuti mwaka 1951, binti wa mkulima wa migomba na chai, akabatizwa akiwa na wiki tatu. Kwa miaka thelathini alichuma chai miteremkoni, kikapu mgongoni, hata magoti yote mawili yakasagika. Mwaka 2014 mtaalamu mmoja wa hospitali alimfundisha mazoezi ya polepole: kukaa kitini, kuvuta pumzi, kuinuka taratibu, kuhamisha uzito mguu hadi mguu, akili ikitulia palepale. Baada ya miezi minne akapanda kilima cha kanisa bila fimbo. Huo ndio ulikuwa wito wake, maana nafuu ile hakukubali kukaa nayo peke yake.

Kila Jumamosi aliwakusanya bibi wa kigango chetu katika ukumbi wa kanisa. Nasi tukafanya nini? Tukamsumbua! Jamani, watu wa kwetu! Wengine walisema anavuta mizimu kwa pumzi. Lililotuudhi zaidi ni kwamba aliwakataza wenye magoti mabovu kuchuchumaa wanaposalimia wakubwa, ndiyo heshima ya kwetu. Aliyemfungia ukumbi ni mimi, Ezron, katekista anayeandika haya. Na nyumbani mama yangu mzazi, Esnath, alikuwa hajafika misani mwaka mzima kwa maumivu, huku wageni wangu nikitaka awachuchumalie. Ujinga mtupu.

Atuganile hakubishana. Alisema tu, "Mwanangu, heshima iko moyoni. Goti niachie mimi." Akawahamishia bibi zake barazani kwake, mvua zetu hizi zisizokatika zikiwarushia matone. Mama yangu akawa anakwenda huko kwa bodaboda, akinificha. Pasaka ya mwaka 2019 alitembea mwenyewe hadi altareni kukomunika. Nililia mbele ya kanisa zima, na kesho yake nikapeleka ufunguo kwa Atuganile na kumwomba radhi.

Atuganile alifariki Agosti 2023. Na ninyi waamini, mnafanya nini? Mnachota udongo wa kaburi lake mkapake magotini! Wengine mnatoka Isongole na chupa mkononi. Ukumbi uko wazi kila Jumamosi, viti vimepangwa, wanaokuja ni saba. Nimehubiri mpaka sauti imekauka. Mwigeni alivyoishi, ndiyo heshima anayoidai mtu wa Mungu. Juzi mama yangu alimkuta kaburini mzee mzima akichimba kwa kijiko, akasimama mbele yake.

"Rudisha udongo wa watu," akamwambia. "Mwenzangu ametuachia mazoezi, hakutuachia dawa ya kupaka."